Soma Geji Kwanza, Jaza Baadaye: Kutafuta Upepo wa Lori Unakopotelea

Dereva akisimama kwangu hapa Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Masasi, neno la kwanza baada ya salamu ni "Fundi, nipigie upepo." Hataki kujua tairi lilikuwa na ngapi. Hosi inavutwa, kompresa inanguruma, baada ya robo saa ameshika njia ya Mtwara. Wiki inayofuata yuko hapa tena, tairi lilelile, neno lilelile.

Kosa hilo tulikuwa tunaligawana, yeye na mimi. Tairi lililopungua upepo ni kama mgonjwa aliyekuja na homa: namba aliyokuja nayo ndiyo itakayokwambia anaumwa nini. Ukishajaza, umeifuta. Siku hizi natembea na chaki mfukoni, na siligusi tairi kwa hosi kabla sijaandika ubavuni mwake namba niliyoikuta. Dereva mwenye haraka hununa kidogo. Akiona la kulia limeandikwa 108 na mwenzake 84, anaacha kununa.

Haya ndiyo malalamiko ninayoletewa mara kwa mara, na mahali pa kuanzia kutafuta. Natumia psi, kipimo cha mgandamizo wa upepo, kwa sababu ndiyo lugha yetu barabarani. Kama geji yako inasoma bar, bar 1 ni psi 14.5.

"Fundi, geji yako inadanganya"

Wakati mwingine ni kweli, kwa hiyo anza nayo. Pima tairi moja mara tatu kwa geji moja. Zikipishana zaidi ya psi 2 au 3, geji hiyo ni ya kumpa mtoto achezee. Geji ya kalamu ikianguka kwenye sakafu ya saruji mara mbili tatu, usiiamini tena mpaka uilinganishe na nyingine. Mimi ninazo mbili. Moja ya kazi, ya pili imeviringishwa kitambaa ndani ya sanduku na haitoki humo ila siku ya kuikagua mwenzake.

Kisha angalia unasoma geji ya nini. Uso wa geji uliopo juu ya kompresa unaonyesha upepo wa tangi, si wa tairi. Hapa ndipo panapozaliwa lile lalamiko la "tairi la mbele halifiki 115 hata ujaze nusu saa." Kompresa nyingi ndogo hujizima zikifika bar 8, yaani psi 116. Tangi likiwa na 116 na tairi lina 100, upepo unakwenda vizuri mwanzoni, halafu unazidi kuwa mdogo kadiri namba zinavyokaribiana, na tangi lenyewe linashuka. Dereva anachoka, fundi anachoka, lori linaondoka na 104. Tairi halina ugonjwa hapo. Tafuta kompresa yenye nguvu zaidi.

La mwisho kwenye kipimo ni joto, na hili limewagharimu watu matairi mengi kuliko misumari. Namba tunayoizungumzia ni ya tairi la baridi: lori limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, kivulini kama inawezekana. Tairi la lori lenye psi 100 na kitu huongezeka kama psi 2 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto zinazopanda. Likishakimbia kutoka Masasi mpaka hapa na mzigo, kukuta limepanda psi 15 si ajabu, ndivyo lilivyotengenezwa. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilikuta 126 kwenye tairi la mbele saa nane mchana, nikaona huruma, nikalitoa upepo mpaka 110. Alfajiri lilipopoa lilikuwa na 94, na dereva alishaondoka. Tairi la moto halipunguzwi upepo. Ukilikuta la moto lina 110, hilo ndilo la kuogopa, maana likipoa litakuwa na tisini na ushee.

Kwa wanaokwenda kubeba makaa ya mawe Ruvuma, jambo hilohilo linageuka upande wa pili. Umejaza Mtwara mchana wa joto, unapima Songea alfajiri ya Julai ukiwa umevaa sweta, unakuta pungufu ya psi 4 au zaidi kwenye matairi yote. Yakipungua yote kwa kiasi kinachokaribiana, hujatobokewa, ni baridi. Likipungua moja peke yake, endelea kusoma.

"Lori limekuwa zito, mafuta hayafiki nilikozoea"

Wengi wanakimbilia pampu na nozeli. Mimi siwakatazi, ila kupima matairi kumi na manane kunachukua nusu saa na hakuhitaji spea.

Hesabu yake iko hivi. Tairi lililolegea hujikunja zaidi kila linapogusa lami, na kule kujikunja ndiko kunakogeuza dizeli kuwa joto la mpira. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba matairi yote yakipungua psi 10, mafuta yanaongezeka kwa karibu asilimia 1. Mtwara mpaka Dar es Salaam ni kilomita 560 hivi. Semi trela yenye mzigo ikila lita 1 kwa kilomita 2, kwenda na kurudi ni lita 560. Matairi yakiwa chini kwa psi 20, unachoma kama lita 11 za bure kwa safari moja, lita 67 kwa safari sita. Bei ya kuzidishia unaijua mwenyewe, EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila mwezi na bandari ya Mtwara ina safu yake kwenye tangazo.

Nitasema ukweli ambao wauza geji hawausemi: mafuta peke yake hayatakutajirisha. Pesa kubwa iko kwenye tairi lenyewe. Likitembea na upungufu wa asilimia 20, hupoteza karibu robo ya maisha yake, na hapo sijaweka siku utakayolala Somanga ukisubiri utingo arudi na spea kwenye lori la rafiki.

Kuna jambo moja la mzigo ambalo linawashangaza hata madereva wazee. Wanapenda kuongeza upepo nyuma "kwa sababu mzigo uko nyuma" na kulegeza mbele ili usukani uwe mlaini. Sasa piga hesabu kwa tairi moja moja. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8 juu ya matairi mawili, yaani tani 4 kila moja. Ekseli mbili za difu zinaruhusiwa tani 18 juu ya matairi manane, yaani tani 2 na robo kila moja. Aliyebeba zaidi ni nani? Tairi la mbele ndilo la kwanza kustahili upepo wake kamili. Namba iliyoandikwa ubavuni ni ya kubeba mzigo wa juu kabisa wa tairi hilo, na kila mtengenezaji ana jedwali la mzigo na upepo. Muombe aliyekuuzia. Na uliyezidisha mzigo kupita kipimo, usiniambie nikuongezee upepo ufidie, mpira haujui kufidia.

"Linapungua polepole, lakini sioni msumari"

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Kitu cha kwanza ninachouliza ni namba za nyuma. Limeshuka 110 hadi 100 kwa wiki, au kwa usiku mmoja? La wiki ni valvu au rimu. La usiku mmoja lina tundu la kuonekana.

Anza na valvu, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi ndiyo yenyewe. Toa kizibo, paka mate au povu la sabuni mdomoni mwa valvu, subiri ukiwa umehesabu mpaka ishirini. Povu likivimba taratibu, kile kipini cha ndani kimelegea au kimeingia mchanga. Mchanga umeingiaje? Kizibo hakikuwepo. Watu wanadhani kizibo ni pambo. Kwa barabara za uwanda wa Wamakonde, Newala na Tandahimba, vumbi lile jepesi linaingia popote, na chembe moja ikikaa chini ya kipini, upepo haufungi tena. Kaza, ukishindwa badilisha kipini, rudisha kizibo cha chuma chenye mpira ndani.

Valvu ikiwa nzima, mwaga povu kuzunguka rimu pale ukingo wa tairi unapokaa. Huku pwani rimu zinaliwa na kutu. Anayeegesha Mikindani karibu na bahari, anayebeba chumvi, anayeosha lori kwa maji ya kisima chenye chumvi, wote nakutana nao hapo. Kutu inavimba chini ya ukingo, tairi linakaa juu ya magamba badala ya chuma, upepo unapita katikati. Dawa yake ni kufungua, kusugua rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kupaka rangi, kuacha ikauke, ndipo uvishe. Kuongeza gundi juu ya kutu ni kazi ya kurudia.

Kutu nyingine tunaitengeneza sisi mafundi. Hewa ya pwani ina maji, kompresa inayabana yanakusanyika chini ya tangi. Asiyefungua bomba la chini kila asubuhi anasukuma maji ndani ya tairi la mteja. Ukifungua tairi ukakuta maji mekundu yanacheza ndani, usimlaumu dereva.

Matairi yenye tyubu, kama 12.00R20 ambayo bado yapo mengi kwenye malori ya zamani, yana hila yake. Tyubu ikitoboka chini ya kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga lami, upepo hautokei hapo kwenye tundu. Unapita kati ya tyubu na tairi, unatokea pale valvu inapotoka kwenye rimu. Kwa hiyo povu likivimba kwenye shina la valvu, si kwenye mdomo, usibadilishe valvu ukafurahi. Fungua.

Mei 2024, barabara ilipokatika eneo la Somanga wakati wa kimbunga Hidaya, malori yalisimama na mizigo yake. Waliopima asubuhi kwa asubuhi pale kwenye foleni waligundua matairi yanayovuja taratibu ambayo njiani yalikuwa yanafichwa na joto na kujaza kila siku. Lori lako likipumzika hata siku mbili, pima kabla ya kuondoka na uandike. Namba mbili za asubuhi zina thamani kuliko maelezo yangu yote.

"La ndani limepasuka, la nje zima kabisa"

Kwenye matairi ya nyuma yanayofungwa mawili mawili, ni kwa sababu la ndani halijapimwa tangu lifungwe. Sisemi kwa dhihaka, valvu yake ni ngumu kufikika. Kuna mpira wa kurefusha valvu, ukaanza kuvuja kwenye maungio, dereva akaung'oa, na tangu siku hiyo la ndani linapimwa kwa nyundo.

Nyundo haipimi. Inakwambia tairi bapa na lisilo bapa, basi. Tairi la psi 70 na la 110 yote yanakujibu kwa sauti inayokaribiana, na teke la kiatu ni kama nyundo.

Likishuka la ndani, la nje linabeba mzigo wa wawili. Kilomita za mwanzo hakuna anayejua. La ndani linajikunja, liko kati ya ngoma ya breki na mwenzake, halipati hewa, na mbavu zikianza kugusana zinasagana. Linapopasuka, la nje nalo limeshachoka ndani kwa kubebeshwa, litakufa mwezi ujao ukidhani ni bahati mbaya.

Unapovisha, weka valvu za tairi la ndani na la nje zikiwa pande zinazoelekeana, moja juu, nyingine chini, ili tundu la rimu la nje lipitishe geji mpaka kwenye valvu ya ndani. Ni jambo la dakika moja. Tofauti ya upepo kati ya hao wawili isizidi psi 5.

Kama upepo uko sawa na bado moja linaliwa haraka, tatizo si upepo, ni urefu. Tairi jipya likiwekwa pamoja na kipara, jipya linabeba na kipara kinaburuzwa. Laza mti ulionyooka juu ya matairi yote manne ya ekseli, au vuta uzi kama fundi mwashi, uone mwanga unapita wapi. Tofauti ya kipenyo ya milimita 6 ndiyo mwisho wangu.

"Nimegusa, moja lina moto kuliko mengine"

Peleka mgongo wa mkono karibu na habu, kile kitovu cha gurudumu, kabla ya kuushika mpira. Habu ikiwa ya moto, ugonjwa uko kwenye breki inayobana au beringi, na tairi ni majirani tu waliounguzwa. Walioshuka mteremko wa Newala kuja upande wa Masasi wakiwa wamekanyaga breki njia nzima watakuta habu zote zina moto, waache zipoe zenyewe, wasimwage maji. Habu ikiwa ya kawaida na mpira ndio unaochoma, upepo ni mdogo, au mzigo umelala upande mmoja. Simama, usiongeze upepo hapo hapo. Soma sehemu ya mwisho kwanza.

"Limeliwa vibaya"

Limeliwa kingo zote mbili, katikati kashata zimesimama: lilitembea na upepo mdogo. Limeliwa katikati: mwingi mno. Upande mmoja tu: alaimenti au ekseli imepinda, upepo hauhusiki. Mabaka mabaka kama ngazi: shokapu, au beringi imelegea.

La upepo mwingi linadharauliwa kwa sababu halilali. Lakini tairi lililokazwa kupita kiasi halikunjiki linapogonga jiwe, linakatika.

"Msimu wa korosho matairi yanakufa kwa mafungu"

Kuanzia Oktoba malori yanaingia vijijini kuchukua korosho kwenye maghala ya vyama vya msingi, njia za mchanga Tandahimba, Nanyumbu, Liwale. Lori likizama, dereva mwerevu anatoa upepo mpaka 60 au 50, tairi linatanuka, linatoka. Sina ugomvi naye, kwenye mchanga na kwa mwendo wa miguu hiyo ni akili. Ugomvi unaanza anapofika lami. Giza limeingia, ghalani kuna foleni, kompresa iko kilomita 40 mbele, anajiambia atajaza Mtwara. Tani ishirini na tano juu ya psi 60 kwa mwendo wa 80, tairi halifi usiku huo. Linafika, linajazwa, linaonekana zuri, na nyaya zake za ubavuni zimeshakatika kadhaa.

Beba hosi ya kuunganisha kwenye tangi la upepo la lori lenyewe. Haitakufikisha 110, ila itakutoa 60 hadi mahali unapoweza kutembea taratibu mpaka kwa fundi. Na ukifika, mwambie ukweli kwamba lilitembea na 60. Fundi asiyeambiwa ndiye anayeumia.

Likiwa chini ya 88

Hii ndiyo sababu nyingine ya chaki. Tairi lenye kipimo cha 110 likikutwa na chini ya 88, yaani chini ya asilimia 80, na limetembea hivyo, simjazii mtu likiwa kwenye lori. Linashuka, linavuliwa, ninapitisha kurunzi na mkono ndani ya ubavu. Nikikuta mpira umekuwa unga mweusi, umebadilika rangi, au ubavu una vinundu vya nyaya, halirudi barabarani. Nyaya zilizokatika hazionekani kwa nje, na ukijaza zinaachia kwa mfuatano kama zipu, kwa mlipuko unaotosha kuua aliyeinama mbele yake.

Linalorudi linajazwa ndani ya kizimba cha chuma, hosi ndefu yenye mdomo wa kubana, mimi nimesimama upande wa kashata, si mbele ya ubavu. Ukisikia mlio wa kukatika katika, funga upepo kule kwenye kompresa na usogee mbali. Rimu za vipande, zinazolibana tairi kwa ringi ya chuma, zinahitaji zaidi ya hapo: ringi iliyopinda au yenye kutu hairudishwi, na haigongwi nyundo tairi likiwa na upepo, hata kidogo.

Kizimba nilikitengeneza kwa mabomba ya chakavu, na madereva wengine hukiona kinawachelewesha. Wakinihimiza sana huwa nawaonyesha tundu lililoko kwenye bati la banda langu, juu kidogo ya pale nilipokuwa nikijazia zamani. Ringi ilipita hapo, ikaangukia nje upande wa pili wa barabara.